Kijiko cha Ba Jasumati

Badria alinikuta nimeinama kwenye beseni, nafua nepi. Hakunisalimu, na Badria akikosa kusalimu ujue ana jambo limemkaa kooni.

"Mama Anuari, yule bibi wa ghorofa ya pili anabeti," alisema. "Na mwanao ndiye ndumba yake."

Badria ni wakala wa kutuma na kutoa pesa, kibanda chake kipo mlangoni mwa jengo letu hapa Mchafukoge. Anaamini mtu akishampa simu yake mara moja amempa na siri zake. Hoja yake ilikuwa hii. Kila Jumapili asubuhi bibi anapokea picha ya ubao wenye namba mbili kubwa, na kwa kuwa macho yake yana ukungu, mimi ndiye ninayemsomea. Jumapili ya kwanza ilikuwa thelathini na nne kwa tatu. Ya pili, ishirini kwa kumi na saba.

"Sasa nieleze, shoga, mpira gani duniani unaisha thelathini na nne kwa tatu? Hata timu ya Jangwani ikicheza na chekechea haifungi hivyo. Huo ni mkeka wa kubeti. Na kila Jumamosi kabla ya mkeka anamtaka Anuari mapajani. Wewe jiulize."

Nilikamua nepi nikaianika. Lakini kujiuliza nilijiuliza, kwa sababu jioni ya Jumamosi iliyopita, nikimwogesha mwanangu, niliona nukta ya wanja kwenye unyayo wake wa kushoto. Sikuipaka mimi. Kwetu mtoto anapakwa wanja usoni, kila mtu auone. Wa kufichwa chini ya mguu ni wa nini?

Huyo bibi ni Jasumati. Jengo zima tunamwita Ba, kama anavyoitwa na mjukuu wake. Kwa Kigujarati ni mama, na bibi pia. Amezaliwa mitaa hii hii, na Kiswahili chake cha sokoni kinanishinda hata mimi wa Ilala. Yeye na marehemu mumewe, Mzee Chandu, walikuwa na duka Kariakoo la vifungo, zipu na nyuzi. Walikaa bega kwa bega nyuma ya meza ileile mpaka mafundi wakawa wanawaita mapacha. Mtoto wao wa pekee, Alpesh, alikufa kwa ajali barabara ya Morogoro, akaacha mtoto ambaye hata kusimama dede alikuwa hajaanza. Mkwe alirudi kwao Nairobi, akaolewa tena. Mtoto akabaki kwa Ba. Huyo ndiye Jaimin, na amekulia katikati ya magunia ya vifungo.

Mzee Chandu alipofariki, Ba alimpangisha duka Mchaga mmoja, Tarsis, mtu mpole. Alimwachia kila kitu isipokuwa stuli moja nyuma ya meza. Hiyo ni ya Jaimin, alisema, akirudi atakaa. Tarsis huisahau akaweka mabunda ya lastiki juu yake, na Ba akipita huyashusha mwenyewe, moja moja, bila kugomba. Siku hizi hapiti sana kwa sababu ya magoti. Mboga anazinunua kwa kikapu cha kamba anachokishusha kutoka kibarazani, na bei anapatana kutoka hukohuko juu, mtaa mzima unasikia nyanya zimeoza au hazijaoza.

Mimi natia lastiki kwenye sketi za shule, nampelekea Tarsis mzigo kila Jumamosi alasiri. Mume wangu Khalfani yuko na lori njia ya Tunduma, anaonekana kwa mwezi mara moja. Kupita Kariakoo na furushi kichwani na mtoto mgongoni, katikati ya mikokoteni na watu wanaosukumana, nilikuwa naogopa. Ba aliniona nikihangaika mlangoni pangu pale chini akasema, dikri, niachie huyu. Dikri ni binti. Hakuna mwingine aliyewahi kuniambia hivyo katika jengo hili, hata Badria.

Kwa hiyo habari za Jaimin nilikuwa nazijua, au nilidhani nazijua. Mwaka jana alipata nafasi katika chuo kidogo Marekani, mji wenye mahindi mengi kuliko watu. Kilichompeleka ni mguu wake. Huko wana mpira wao, unashikwa kwa mikono, una umbo la papai dogo, na wachezaji wanavaa kofia ngumu na kugongana kama mabeberu. Jaimin hagongani na mtu. Anakaa pembeni mpaka aitwe, anaingia, anapiga teke mpira upite juu katikati ya nguzo mbili, anarudi kukaa. Teke likiingia, timu inahesabiwa alama tatu. Basi, kazi imekwisha. Nilipomsimulia Badria alicheka akashika ubavu. Mtu apige teke mara mbili kwa siku nzima na chuo kimpunguzie ada? Hiyo, alisema, ndiyo hadithi ambayo mcheza kamari angeitunga.

Ningempuuza, lakini kulikuwa na jambo ambalo hata Badria hakulijua vizuri. Jaimin huzungushia duara jekundu namba ya timu yao, na mara zote mbili duara lilikuwa kwenye namba ndogo. Wameshindwa. Nilimsomea Ba kwa sauti ya pole. Yeye akasema haya, haya, akaingia jikoni, akaanza kuimba. Mchana akashusha kikapu kimejaa vitamu vya unga wa dengu na samli, vya kugawia jengo zima. Na Badria alikula vinne. Jumapili ya pili ikawa vilevile. Mjukuu kashindwa, bibi anagawa vitamu. Ukiwa na akili timamu utawaza nini? Nikawaza: ameweka pesa upande wa pili.

Jumamosi ya tatu nilimpelekea Anuari kama kawaida, nikashuka ngazi kwa kishindo, kisha nikavua kandambili nikapanda tena. Furushi nililiacha kwa Badria, aliyekuwa amenitolea macho. Mlango wa Ba una ndimu na pilipili zilizotungwa kwenye uzi, na mchana haufungwi kabisa. Nilichungulia.

Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Uso wa Jaimin ulikuwa umejaa humo, anacheka, nyuma yake uwanja wa nyasi na jua la asubuhi yao. Ba alikuwa amempakata Anuari akielekea simu, na mbele yao bakuli. Alisema maneno ya Kigujarati, taratibu, kama mtu anayesoma dua. Akachukua kijiko, akakipitisha juu ya bakuli bila kukizamisha, akakipeleka mdomoni kwa mwanangu.

Anuari akafungua mdomo kama kifaranga. Kijiko kikaingia, kikatoka. Kilikuwa kitupu.

Mtoto akakunja uso akaanza kulia. Ndani ya simu Jaimin akapiga makofi. Ba akacheka naye, akampungia mkono, simu ikakatika, na kicheko cha Ba kikakatika nayo. Alikaa hivyo anaangalia ukuta. Anuari alipoona hapewi, aliinama akaingiza mkono mzima kwenye bakuli, akajipaka mdomo na mashavu, akala.

Niliingia sikubisha hodi. Nikamchukua mwanangu. Ba alishtuka akaniuliza kulikoni mbona nimerudi mapema, nikasema mzigo umeahirishwa. Ulikuwa uongo, na yeye pia alikuwa na uso wa mtu aliyefumaniwa. Kwenye ngazi nilinusa mdomo wa Anuari. Ulikuwa mtindi tu, wenye sukari. Hilo halikunituliza. Chakula kizuri kipo, mtoto anaonyeshwa kijiko kitupu mbele ya simu: huo ni mchezo gani?

Badria alikuwa na jibu tayari. Ndumba hailishwi, alisema, inaonyeshwa.

Kesho yake nilipanda peke yangu kumsomea picha. Tisa kwa saba, na duara lilikuwa kwenye tisa. Nilisoma nikimtazama usoni.

"Wameshinda, Ba. Na chini kuna ujumbe wake, ameuandika kwa Kiswahili: zote tatu nimepiga mimi."

Hakusema haya, haya. Alichukua simu akaiweka kifudifudi. Siku hiyo kikapu hakikushuka, hata kwa mboga. Badria alipokosa vitamu alinitazama kwa jicho la ushindi: kaliwa. Mkeka umechanika.

Wiki ile sikumpandishia mtoto. Nilimtuma Badria aseme ana homa. Kila nikisikia mlango wa juu ukilia nilimvuta Anuari ndani, na usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu. Niliwaza kuhama, lakini kuhamia wapi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mtoto mwenyewe alikuwa akitambaa mpaka chini ya ngazi, anatazama juu, anaita ba, ba, ba. Najua ndiyo sauti wanayoanza nayo watoto wote. Iliniuma vilevile.

Ijumaa baada ya swala ya mchana nilisikia mtu akishuka ngazi. Mguu, fimbo, mguu, kisha kimya kirefu. Nilitoka uani. Ilikuwa ni Ba, ameshika ukuta, jasho linamtiririka, ukingo wa sari ameuchomeka kiunoni. Ngazi za ghorofa mbili alizishuka peke yake.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba. Mtoto kapona homa?"

Kabla sijajibu Anuari alimwona. Aliacha kikombe alichokuwa anakigonga akamwendea mbiombio kwa magoti, mzima wa afya. Ba alimtazama, akanitazama mimi. Nilimletea kigoda. Alipokaa mtoto alimkamata pindo, na Ba, mikono yake ameifunga, hakumgusa. Ni hilo la kutomgusa lililonifungua mdomo.

"Ba, watu wanasema unabeti."

Alicheka mpaka akakohoa. "Watu ni Badria," alisema, kwa sauti ya kupatana bei ya nyanya, ili afike aliyekusudiwa kule kibandani. "Ningekuwa nabeti, dikri, mwezi huu ningekuwa tajiri. Niliombea washindwe, wakashindwa mara mbili."

Nikamwuliza alimwombeaje mjukuu wake ashindwe. Hapo hakucheka tena.

Alinieleza polepole, akisimama kila mara kupumua. Kocha wa chuo kile ana vijana wawili wa kupiga teke kwa nafasi moja. Mechi nne za mwanzo ndizo mizani. Atakayeonekana hafai anavuliwa jezi, na punguzo la ada linaondoka nayo. Bila punguzo hilo Jaimin hawezi kukaa Marekani hata muhula mmoja. Atarudi. Jaimin alimweleza Ba hayo kwa woga, akitaka aombewe. Ba alisikia neno moja tu, kurudi. Alfajiri ya kesho yake alituma mtu akaifute vumbi stuli ile ya dukani.

Kwao, alisema, mtu akienda kwenye mtihani au safari, mama humlisha mlangoni kijiko cha mtindi wenye sukari. Ndiyo baraka yake. Jaimin hakuwahi kufanya mtihani bila kijiko cha Ba. Sasa kwa simu hawezi kulishwa, basi akasema, mlishe Anuari kwa niaba yangu, mimi nitatazama. Na Ba akaweka mtindi, akaweka sukari, lakini mkono ulipofika kwenye bakuli ukakataa.

"Mara tatu nimempa kijiko kitupu. Anacheka Jaimin, ananishukuru, anakwenda uwanjani ameshiba baraka ambazo sikumpa. Ya tatu mwanao akajilia mwenyewe, kwa mkono wake. Umeona yaliyotokea."

"Na wanja?" niliuliza. "Wa unyayoni?"

Aliinamisha macho. "Kwetu wa kukinga jicho hupakwa hapo. Mtu anayemtakia wake mabaya, jicho lake siliamini. Na ni mimi niliyekuwa nampakata mwanao. Nilimkinga na mimi."

Kule mbele kibanda cha Badria kilikuwa kimya, jambo ambalo si kawaida. Nilimtazama Anuari, ameng'ang'ania pindo la sari kama amelinunua yeye. Siku moja atasema anaondoka. Nilijaribu kufikiria mkono wangu siku hiyo utafanya nini, nikaona bora niache.

Nikamwuliza mechi ya nne ni lini.

"Kesho," alisema. "Kesho ndiyo wanachagua. Saa kumi na moja atapiga simu." Alitafuta kitu kwenye kifundo cha sari, akatoa kijiko kidogo cha fedha, kimelika ukingoni kwa meno ya mtoto wa zamani. Alikifuta, akakishika kwa ncha akinielekezea mpini.

"Mzigo wa Tarsis upeleke asubuhi. Jioni uje na Anuari, ukae wewe, umpakate wewe. Mtindi nitatengeneza, sukari nitatia mbele ya macho yako. Maneno nitayasema mimi, mdomo naweza kuulazimisha. Lakini kijiko ushike wewe, dikri. Na ukijaze."