Barua ya Upande wa Baba

Kituo chetu hakikuanza kama kituo. Kilianza kama baraza ya nyumba moja pale Chuno, ambako muuguzi mmoja mstaafu alichukua watoto wawili waliofiwa na mama yao, kisha akaletewa wa tatu, kisha watu wakazoea. Ukishajulikana mjini kuwa hukatai mtoto, umekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya tisini wafadhili wakamjengea mabweni mawili na jiko huko Mtawanya, kwenye shamba la mikorosho mizee, na hapo ndipo nilipoajiriwa mimi kuwa mlezi.

Mimi si wa huku. Nimezaliwa Njombe, kwenye baridi, nikaletwa Mtwara na mume wangu alipohamishiwa bandarini. Kazi niliiomba kwa sababu nilikuwa nimechoka kukaa nyumbani. Kumbe kuchoka nilikuwa sijakujua bado. Kulikuwa na maji ya kuchota, upele wa kupaka dawa, chawa wa kutoa kichwa kimoja baada ya kingine, na masika barabara ya Dar es Salaam ikikatika tulikula ugali wa muhogo mchana na jioni mpaka watoto wakaacha kuuliza kuna nini leo. Nilikuwa nachoka mpaka hasira zangu nazo zinachoka, na mimi ni mtu wa hasira.

Kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, mama muuguzi alinikabidhi daftari la watoto. Nililipiga mistari mwenyewe kwa rula: jina la mtoto, jina la baba, ukoo wa baba, ndugu wa baba atakayeruhusiwa kumchukua. Upande wa mama niliuachia nafasi ndogo tu, ya kuandika yu hai au amefariki. Hakuna aliyenifundisha kupanga hivyo. Kwetu mtoto ni wa upande wa baba, jambo ambalo hata halisemwi, nami nilidhani dunia nzima ni kwetu.

Msichana huyu aliletwa akiwa na miaka kama mitano. Mama yake alikuja mjini akiwa mgonjwa, akafia wodini, na mtoto akabaki amekaa chini ya kitanda akingoja. Baba hakujulikana aliko. Nikaandika jina la baba kama mtoto mwenyewe alivyolitamka, na mbele yake nikaacha mistari mitupu.

Haikupita miezi mingi akaja mwanamume mwembamba mwenye baragashia iliyofuliwa mpaka ikapauka. Alikuwa ametoka upande wa Kilambo, karibu na Mto Ruvuma, juu ya lori la magunia. Akaketi kwenye benchi la getini, akanisalimia vizuri, akasema:

"Mimi njomba wake. Nilikuwa ng'ambo, Msumbiji, nalima. Nimerudi nimekuta dada kafa. Nimekuja kunchukua ntoto."

Nikafungua daftari. Nikamwambia kituo hakimtoi mtoto kwa mjomba, alete barua ya upande wa baba. Akaniangalia kwa muda, si kwa ubishi, ila kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mahali pasipokuwapo.

"Baba yake alikuja tu kuoa kwetu," akasema. "Watu wake siwajui."

"Basi watafute."

Alipoondoka, mpishi wetu, mama wa Kimakua aliyezaliwa huku huku, alikuwa anatwanga kisamvu nyuma yangu. Hakuacha kutwanga. "Mama, huku kwetu ntoto ni wa njomba wake. Baba ni mpitaji." Nikamjibu kwamba sheria ni sheria. Sheria gani? Rula na kalamu yangu ya bluu. Nilijua hivyo hata nilipokuwa nasema, lakini nilikuwa na watoto wanane wenye homa siku ile, na mtu aliyechoka hapendi kusahihishwa jikoni.

Alirudi baada ya msimu wa korosho. Barua hakuwa nayo. Alifika mpaka Mikindani, akaelekezwa Lindi, huko akaambiwa mtu mwenye jina hilo hajulikani. Nikamwambia aendelee kutafuta. Akakubali, akaomba amwone mtoto basi, nikamruhusu wakae benchini mahali ninapowaona. Mkono mtupu haulambwi. Alileta ming'oko, viazi vya porini vya huku, iliyochemshwa, imefungwa kwenye kanga kuukuu ya dada yake. Mtoto akala akiwa amemwegemea. Kanga alimwachia.

Ikawa desturi. Kila mwaka korosho zikishauzwa, mjomba huyo benchini. Kila mwaka namwuliza barua, naye anasema bado, na kila mwaka sauti yake inakuwa ya adabu zaidi, jambo lililoniudhi kuliko matusi. Mtoto alianza kumngoja mapema. Mabibo yakianza kuanguka na uwanja kunuka, utamkuta anafagia getini bila kutumwa. Nilikuwa namwona, nikajiambia kwamba angalau hapa anasoma, anakula, ana chandarua. Hayo yalikuwa kweli. Kweli nyingine nilikuwa siiangalii.

Alipofikisha miaka kumi na miwili au mitatu, mjomba alikuja na mkewe. Hawakuomba kumchukua moja kwa moja safari ile. Walimwomba kwa likizo tu, kwa sababu wasichana wa rika lake kijijini walikuwa wanaingia unyagoni, na yeye sharti achezwe pamoja nao. Mke ndiye aliyezungumza. Alisema somo wake, wa kumfunda, ameshapatikana, nguo zimeshanunuliwa, na baada ya ngoma watamrudisha shuleni kwa miguu yao wenyewe.

Nilikataa kabla hajamaliza. Nilikuwa nimesikia habari za wasichana wanaotoka unyagoni wakaolewa, na zingine zilikuwa za kweli. Lakini sikuuliza. Sikumwuliza yule mama, sikumwuliza mpishi, sikumwuliza mtoto aliyekuwa amesimama nyuma ya nguzo na kanga ya mama yake mabegani, tayari kwa safari. Nilisema barua. Mjomba akainuka, akapangusa benchi alipokuwa amekaa kana kwamba ameliazima, wakaenda.

Msichana hakulia. Alirudi bwenini, akaikunja ile kanga mpaka ikawa ndogo kabisa. Jioni mpishi aliniambia bila kunitazama: "Usipomwacha achezwe, umentoa kwao. Atakuwa ntu mzima mwenye nafasi ya ntoto." Nikamwambia anipishe, nina kazi. Asiyejua maana haambiwi maana, na asiyejua nilikuwa mimi.

Mjomba hakuja mwaka uliofuata, wala wa pili yake. Msichana alifagia getini misimu miwili, kisha akaacha, na siku aliyoacha niliiona. Niliumia. Sikumwambia, maana ningemwambia nini?

Miaka ya elfu mbili ikaingia na mambo yakageuka. Wafadhili wakaanza kusema watoto wasikae vituoni, warudishwe kwa ndugu. Semina zikafanyika, vitabu vikaletwa. Mama muuguzi alikuwa mzee sasa, macho hayaoni vizuri, akaniita nimsomee daftari lote, mtoto mmoja mmoja, tuone nani ana nani. Nikasoma. Ndugu wa baba: hakuna. Ndugu wa baba: hakuna. Akanisikiliza ukurasa mzima, akauliza, "Na wa mama je?" Nikamwambia hawakuandikwa. Akauliza nani alisema wasiandikwe. Nikafunga daftari. Hakunikemea, na hilo nalibeba mpaka leo.

Nikampeleka msichana mwenyewe. Alikuwa na miaka kumi na saba, amemaliza kidato cha pili, mrefu kuliko mimi. Tulipanda gari la asubuhi, tukashuka, tukatembea katikati ya mihogo kwa muda mrefu. Alikuwa amejifunga ile kanga. Moyoni nilikuwa naomba kitu kimoja tu, mjomba awe hai.

Alikuwa hai. Mguu mmoja ulikuwa umevimba na hatembei tena. Ndiyo maana hakuja. Alipomwona mtoto wa dada yake alisogea tu kwenye mkeka akamwachia nafasi. Kina mama wakapiga vigelegele. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wakatupikia wali na samaki, na nikaanza kufikiri kwamba huenda sikuharibu sana.

Chakula kilipoletwa, wanawake waliochezwa walikaa kwenye sinia lao, wakanikaribisha mimi. Msichana akataka kunifuata. Bibi mmoja akamshika mkono taratibu, bila ubaya wowote, akampeleka kwenye sinia la watoto. Akaketi kati ya vitoto vya miaka sita na saba, magoti yake yamepita mabega yao, akala. Wenzake wa rika lile, wawili wakiwa na watoto migongoni, walimtazama kisha wakatazama pembeni.

Baada ya kula nikamsogelea mjomba na karatasi ya makabidhiano. Ilikuwa imechapwa kwa mashine, ina mhuri wa kituo. Nilimwambia aweke dole gumba, na nikamweleza inasema nini: kwamba kituo kinamrudisha mtoto kwa ndugu zake.

Akauliza, "Hii barua imetoka kwa watu wa baba yake?"

"Hapana, mzee. Imetoka kituoni."

"Nani kaiandika?"

"Mimi."

Aliweka dole gumba. Kisha akaishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaipulizia wino ukauke, hana haraka yoyote.

"Miaka yote hiyo nimezunguka naitafuta," akasema. "Kumbe ulikuwa nayo wewe."

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nayo mimi.