Udongo wa Asumini

Wazee wetu walipofariki, shangazi alitaka kutugawa: mdogo wangu wa kiume aende kwa ami yetu mtaa wa Ruwi, wa kike akae naye mwenyewe mtaa wa Bustan. Nikaacha skuli, nikamwambia, "Hapa haondoki mtu." Wadogo zangu neno hilo hawajalisahau mpaka leo.

Mwaka huu, baridi inakatika na asumini zangu zimeanza kuchanua, mdogo wangu wa kike alirudi nyumbani kwetu Mabela na mbwa aliyemtoa wadini, bonde kavu linalojaa maji, baada ya mvua, tope mpaka masikioni.

"Hakai," nikasema.

"Dada, si ulisema hapa haondoki mtu?"

"Huyu mtu?"

"Kashaingia. Basi wa hapa."

Tukamweka uani. Sasa tukabaki kuiogopa Ijumaa, siku atakayokuja shangazi kuchuma asumini za mwanzo atunge kikuba, kishada chake cha kujipamba, kama kila mwaka. Yeye ndiye mkubwa wetu. Akisema mbwa aende, ataenda.

Ijumaa yenyewe nilimfungia mbwa nyuma ya tangi la maji. Shangazi hata sahani ya maua hajaijaza, mbwa kachomoka, kailamba.

"Mbwa! Nyumba ya watu wanaosali!"

"Haingii ndani, shangazi. Yupo uani tu."

"Na mimi nipo wapi?"

Kilicholambwa na mbwa kwetu huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ua wetu wote ni saruji. Udongo ulikuwa kwenye vyungu vyangu viwili vya asumini tu. Shangazi akachota kwa mkono, akaosha sahani huku akihesabu kwa sauti. Alipofika tano, mbwa alikuwa anamlamba kiatu. Akachota tena. Kiatu kilipotakata, ikawa zamu ya ndoo aliyooshea, mbwa kashainywea. Kufika alasiri, asumini moja imelala ubavu, mizizi nje, na shangazi kalowa mpaka magotini.

"Shangazi, usimfukuze," mdogo wangu wa kike akamwomba.

Akapanda gari, akaenda zake bila kikuba. Wiki nzima mdogo wangu akawa analia huku anampa mbwa nyama yangu.

Ijumaa iliyofuata shangazi akaja na magunia mawili ya udongo.

"Hili la asumini, nna hamu na kikuba changu. Na hili la kuoshea anavyolamba huyo adui yangu. Msiyachanganye."

Akavua viatu, akaviweka juu ya ukuta, ndipo akakaa.