Picha ya Jiwe la Pimbi

Tryphena Mghoi hakuwahi kuogopa ukuta. Mpe ukuta wa shule ya chekechea, hata uwe na nyufa za kupitisha mjusi, na kabla ya Ijumaa utakuta ramani ya Kenya, irabu zote tano, na simba anayecheka. Kuanzia Mwatate hadi Mata, watoto wa miaka hii ishirini wamejifunza kuhesabu kwa maembe ya Tryphena. Binti yake Wendy alipomletea rangi za akriliki kutoka Mombasa, mama alizinusa, akasema hazina harufu ya kazi, kisha akazipenda kuliko rangi zote alizowahi kushika. Zinakauka kabla chai haijapoa.

Ugonjwa wake ulikuwa ukweli. Siku moja mtoto wa chekechea alimwuliza kwa nini tembo wake wa ukutani ana kwato za ng'ombe. Usicheze na watoto wa Kasigau katika habari za tembo. Wazazi wao huwafukuza tembo hao shambani kila mahindi yakikaribia kukomaa. Tryphena aliona haya, akaapa kwamba hatachora tena kitu asichokitazama kwa macho yake mwenyewe.

Ndiyo sababu picha yake ya kwanza ya kitambaa ilikuwa ya kweli kupita kiasi. Tandala dume alikuwa ananusa upepo, hondohondo ametua juu ya mgunga, mshubiri umechanua maua mekundu. Katikati, pimbi wanne waliota jua juu ya jiwe kubwa lililopasuka, mmoja wao amelala chali kama mlevi. Na nyuma ya jiwe, kwenye kona ya chini, palikuwa na kimti cha majani yaliyofifia ambacho mgeni asingekitupia jicho.

Jiwe hilo lipo. Liko mlimani Kasigau, ndani ya fighi, ule msitu wa wazee ambamo hakatwi hata ukuni. Mtoto wa pale hufundishwa asiuelekezee kidole kilichonyooka. Ukitaka kuuonyesha, unakunja kidole. Tryphena alichapwa akiwa na miaka sita kwa kusahau. Jiwe lenyewe aliliona mwaka jana tu, pale mdogo wake Sylus, mlinzi wa msitu huo, alipoteguka mguu huko juu, naye akampelekea uji bila kumwomba mzee yeyote ruhusa. Kimti kile ni msandali. Kwingine kote watu walishaing'oa misandali na mizizi yake, wakawauzia wenye viwanda vya marashi. Pale nyuma ya jiwe ilibaki kumi na mmoja, na mahali palijulikana na watu watano: Sylus na wazee wanne.

Tryphena akawa wa sita, akakaa kimya, kisha akapachora. Brashi si kidole, alijiambia.

Picha ikatundikwa Voi, kwenye mapokezi ya hoteli anayosimamia rafiki yake Evelyn. Ilikaa wiki tatu. Jumanne moja asubuhi simu ikalia.

"Mama Wendy, kuja haraka," Evelyn alisema. "Kuna mtu ameipenda picha yako vibaya sana. Amekaa mbele yake tangu saa mbili, hata chai hajamaliza."

Nani asingekimbia? Alivaa gauni la kanisani akaenda. Mtu huyo alijiita Crispus. Alikuwa mpole, viatu vinang'aa, akampa mkono kwa heshima zote.

"Kazi safi, mama. Huyu ndege amenimaliza."

Lakini macho yake hayakuwa kwa ndege. Alichuchumaa hadi kwenye kona ya chini. "Na hiki kimti? Ni cha kweli ama umejitungia?"

"Mimi sijitungii kitu!" Tryphena alijibu upesi. Fahari ina mdomo mwepesi, nao ulitangulia akili.

"Na jiwe?"

Hapo akili ikafika. "Mawe ni mengi," alisema. "Taita yote ni mawe."

Crispus akacheka kidogo, akatoa simu. Alipiga picha mara tatu: ya kwanza ya kitambaa kizima, na bega la mlima Kasigau likionekana kwa nyuma wazi kabisa, ya pili ya jiwe, ya tatu ya kona. Akashukuru akaenda zake. Bei hakuuliza. Hilo ndilo lililomtisha Tryphena kuliko yote.

Aliiteremsha picha, akaifunga kwa leso, akarudi nayo nyumbani. Akafungua rangi ya kijivu na ya kahawia, akakifunika kile kimti kwa jiwe dogo. Kweli rangi ilikauka kabla chai haijapoa. Lakini simu ya mtu haifutiki kwa brashi.

Alipaswa kumwambia Sylus jioni ileile. Mimi nasema hivyo, na yeye mwenyewe alijua. Ila angeanzia wapi? Aseme aliingia fighi bila ruhusa? Aseme alichora mahali ambapo hata kidole hakinyooshwi, akapatundika hotelini watu wakipakodolea macho wakinywa soda? Mzee Elijah, mkubwa wa wale wazee wanne, ndiye aliyemchapa akiwa na miaka sita, na bado alikuwa hai na sauti yake ileile. Kesho, alijiambia. Kesho nitasema.

Jumatano Sylus alipitia kwake kula, kama kawaida yake. Akaegemeza rungu lake mlangoni. Silaha nyingine hakuwa nayo.

"Mbona umenyamaza, dada?"

"Kichwa kinauma tu."

"Meza dawa ulale." Akafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha ugali, akaenda. Tryphena alimtazama mgongoni akipandisha njia ya mlima, kisha akaingia ndani kuosha sahani. Siku hiyo kila pikipiki iliyonguruma barabarani ilimshtua. Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hiyo alikwisha kuiandika kwenye kuta za shule tatu, kwa herufi kubwa.

Alhamisi saa saba Sylus hakuja kula. Saa nane hakuja. Simu yake haikupatikana. Tryphena alitoka bila hata kufunga mlango, akapanda mlima kwa malapa. Kila kichaka kilimtisha. Akiona kitu chekundu anasimama, kumbe ni ua la mshubiri. Alijaribu kuomba, maneno yakamkimbia, akabaki na moja tu: asife, asife, asife.

Kwenye jiwe hapakuwa na pimbi hata mmoja. Nyuma yake udongo ulikuwa umefukuliwa, mashimo mapya kila mahali, na misandali miwili tu imesimama. Sylus alikuwa amekaa akiegemea jiwe. Damu ilikuwa imemkaukia sikioni, na mkono wake wa kulia ulining'inia vibaya. Lakini alikuwa anapumua. Tryphena akaanguka magotini mbele yake akalia kwa sauti.

"Walikuwa sita," Sylus alisema taratibu. "Walikuja na picha kwa simu, wakailinganisha na jiwe." Akamtazama. "Pimbi wanne, dada. Mmoja amelala chali."

Tryphena akafungua mtandio wake, akaanza kumfunga ule mkono.

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Jumanne," Sylus akarudia, kama mtu anayehesabu. "Na Jumatano nimekula kwako."

Kisha akajiinua kwa mkono wa kushoto, wakateremka.

Jumamosi chifu akaita baraza. Uwanja ulijaa. Mzee Elijah alisimama na fimbo yake, akasema mahali pale palijulikana na watu watano. Wanne ni wazee waliozaliwa wakiulinda msitu, wa tano ndiye aliyepewa kazi ya kuulinda. Watu wakanong'ona. Mmoja akasema kwa sauti kwamba mkono kuvunjika si ushahidi, watu huvunjana wakigombania mgawo.

"Sylus," chifu aliuliza, "nani aliwaonyesha hawa watu njia?"

Sylus, mkono ukiwa kwenye plasta, alitazama chini. "Sijui."

"Hujui, na ndiwe mlinzi?"

"Sijui, chifu."

"Basi utakwenda ukawaambie polisi Voi hivyo hivyo."

Tryphena alikuwa amekaa upande wa wanawake, kile kitambaa kikiwa mapajani mwake ndani ya leso. Alikuja nacho lakini hakuwa amejiahidi kitu. Aliona kuta zake zote zikipakwa chokaa. Aliona wanawake wa kanisa wakisogea benchi akikaa. Alimwona mzee Elijah na fimbo yake, akajisikia ana miaka sita. Kisha akamwona askari wa chifu akimshika mdogo wake kwa ule mkono mzima, na Sylus akiinuka bila kumtazama, bila kumtaja, hata sasa.

Akasimama. Jirani akamvuta gauni akae. Akaifungua leso, akaigeuza picha iwatazame watu.

Mzee Elijah alisogea karibu. Aliliona jiwe, akavua kofia.

"Nani aliwaonyesha?" mzee aliuliza, na safari hii sauti yake haikuwa kubwa.

Tryphena akakunja kidole, kama alivyofundishwa, akakigusisha kifuani mwake.