Mpira Ambao Sikuuchukua

Harufu ya mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyoanguka na kuanza kuchachuka juu ya mchanga ndiyo harufu ya msimu ule, nilipokuwa darasa la nne kijijini kwetu, Naipingo. Watoto tulikula mabibo ya shamba lolote, mradi korosho yenyewe tuiache chini ya mti kwa mwenye shamba. Siku moja sikuiacha. Nilichukua korosho za kujaa kiganja, nikazichoma nyuma ya jiko la mama, na moshi wake ukamleta jirani yetu mwenye shamba, Mama Zainabu. Hakunipiga. Alisimama uani akamwambia mama, kwa sauti ya kusikiwa na majirani wote, “Somoe wako ni mdokozi. Mwangalie mapema.”

Neno lile lilifika shuleni kabla yangu. Wenzangu waliniita Somoe Mdokozi, kwanza kwa utani, kisha kama jina langu hasa. Penseli ikipotea, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukung'uta begi, nikiogopa kuikuta humo. Nilianza kutoiamini mikono yangu. Ndipo mpira wa netiboli ukapotea. Mwalimu wa zamu alitupanga mstarini akauliza nani kauchukua. Watu wakaanza kunitazama, mmoja mmoja, nikasikia sauti yangu ikisema, “Ni mimi, mwalimu.” Nilichapwa, nikaambiwa niurudishe. Jioni ile mama alinifuata hadi mashambani. “Mwanangu, niambie ulipouficha, yaishe.” Nilifukua majani makavu chini ya mikorosho, mti baada ya mti, nikiutafuta kwa dhati, kana kwamba mikono yangu iliuficha bila kuniambia. Mama naye alipiga magoti akafukua pamoja nami, akilia bila sauti.

Wiki iliyofuata mpira ulikutwa darini, kwenye stoo ya shule. Mwalimu aliniita. “Sasa kwa nini ulikubali?”

“Nilidhani ni mimi.”

Alicheka, na waliokuwa wakichungulia dirishani wakacheka. Hakuna aliyekwenda kumwambia mama. Nilimwambia mwenyewe, naye akasema tu, “Haya.” Mpaka leo sijui kama aliniamini.

Sasa naishi Ruangwa mjini. Nina cherehani yangu, na wateja huniachia vitambaa vyao vya gharama bila wasiwasi. Naitwa Mama Rehema. Jina la zamani hapa halijulikani. Mwezi uliopita nilikuwa dukani na binti yangu, muuzaji akalalamika kwamba haioni simu yake. Kabla hajamaliza kusema, nilikuwa nimeshafungua mkoba na kumwaga kila kitu mezani. Simu ilikuwa mfukoni mwa muuzaji mwenyewe. Binti yangu alinivuta kanga.

“Mama, kwani ulichukua nini?”

“Sijachukua kitu,” nilimjibu, na sauti ilinitoka kama ya mtu anayedanganya.