Nani Alilaza Nyasi

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milima ya Mbinga na magari yao, nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi karibu na Kigonsera, na nilijiona mwandishi wa tamthilia. Nilikuwa nimeandika moja tu. Ilimhusu mume aliyepata uwakala wa wanunuzi hao, akavimba kichwa, akawa anarudi nyumbani kufoka na kuvua mkanda. Mume nilikuwa mimi mwenyewe, ndani ya koti la kuazima lililonipwaya. Mke, aliyechimba shamba kwa jembe mchezo mzima, alikuwa mwalimu mwenzangu, mwanamke mvumilivu aliyestahili mume bora kuliko yule.

Tulicheza Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa parokia. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kadiri nilivyofoka ndivyo walivyoshangilia, nami nikaamini kwamba mwanaume wa jukwaani ni sauti nene na kifua mbele. Afisa utamaduni aliyetoka mjini alisimama, akasema leo amemwona mwanaume halisi. Nikavimba kuliko yule wakala.

Kisha baba yangu akanyoosha mkono, akasimama. Alikuwa ameketi benchi la nyuma, kofia magotini. Hakuwa amewahi kuja kunitazama. Kwake, mtu mzima kujifanya mtu mwingine mbele za watu ilikuwa aibu. Sifa yake moja niliitamani kuliko sifa zote za mjini.

"Mwalimu," alisema, maana hadharani aliniita hivyo, "yule mama alikuwa anachimba ngoro. Nani alimlazia nyasi?"

Wanawake wakaanza kuguna. Kila mtu pale alijua. Kwetu Umatengo, ngoro, yale mashimo ya mteremkoni tunakopanda maharage na mahindi, huanza na mwanaume. Anafyeka, anaziacha nyasi zikauke, kisha anazilaza kwa mistari inayokatana, miraba kama ya daftari la hesabu. Ndipo mwanamke anachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo. Mimi, mtoto wa mashamba hayo, nilikuwa nimempa mke wangu wa jukwaani jembe na ardhi tupu.

"Huyo mume wako wa mchezo hana kazi, anapiga kelele tu," baba akaendelea. "Nyasi zisipolazwa, ngoro hakuna. Sasa yule mama alikuwa anachimba nini?" Akaketi.

Niliumia. Wiki nzima nilinuna, nikimjibu kichwani kwamba ile ni sanaa, si shamba. Jumamosi akaniita shambani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanionyesha nyasi zake zilizokwisha kukauka. Tukazilaza bila maneno mengi. Mara mbili alirudi nyuma, akanyoosha mstari wangu kwa mguu, akaendelea na wa kwake. Hakufoka. Nilimtazama mgongo, nikaona haya kwamba kwenye tamthilia yangu nzima hapakuwa na mwanaume anayefanana naye hata kidogo.

Nikaandika upya. Safari hii mke aliketi na jembe lake akisubiri, rundo la nyasi kavu likiwa kando, na mume anapita na kurudi ndani ya koti lake. Hapakuwa na mkanda wala kofi. Mwishoni mume anakwenda zake kwa wanunuzi, mke anabaki ameketi.

Tulicheza katika ukumbi uleule. Hakuna aliyecheka. Nilipogeuka niondoke, kama nilivyoandika, sauti ikatoka benchi la nyuma.

"Wewe bwana, unakwenda wapi? Mwenzako anasubiri. Laza nyasi kwanza."

Hakuniita mwalimu. Alikuwa anamsihi yule mume, kwa sauti ya mtu anayemhurumia jirani. Baba yangu, aliyeona uigizaji ni aibu, alikuwa amesahau kwamba mume yule ni mimi.

Nimeandika tamthilia nyingine tangu siku ile, na zimesifiwa na kupondwa na watu waliosoma kuliko yeye. Namshukuru yeye. Mwisho ule haukuwa kwenye karatasi zangu: nilivua koti, nikalibeba rundo, nikalaza mstari wa kwanza, kisha wa pili, taratibu, mpaka mwenzangu akainuka na jembe lake. Nikamsikia baba kule nyuma akisema, kwa sauti yake ya kawaida, kwamba mstari wa pili umepinda.