Nilihamisha Mpaka wa Mjane

Admin, habari ya kazi. Ficha jina langu na kijiji pia, sema tu ni Buteba, Busia ya Uganda. Huku mtu akipiga chafya tunajua ni nani.

Nina miaka thelathini na tisa, nimeolewa, nina watoto wanne wa kiume. Mume wangu anafanya kazi Tororo, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Najua mtanitukana. Tukaneni, lakini someni mpaka mwisho kwanza.

Marehemu baba mkwe aliwagawia wanawe wawili shamba moja, nusu kwa nusu. Katikati alipanda ile mimea ya mpaka yenye majani marefu, ambayo hata ukiitupa juani wiki nzima, ukiirudisha ardhini inashika. Kwetu hakuna hati wala seng'enge, mmea huo ndio hati. Kuung'oa ni mwiko, na wazee husema anayeung'oa hazeekei kwake. Mimi niliung'oa.

Shemeji alifariki miaka mitatu iliyopita, akamwacha mkewe. Nimwite Nekesa. Ni mtu wa ng'ambo, Busia ya Kenya. Walijaliwa mtoto mmoja tu, msichana, akafa akiwa na miezi saba. Mimi ndiye niliyemwosha. Mtoto mdogo hazikwi na umati. Tulikuwa mimi, Nekesa na baba wa mtoto. Tulimzika shambani kwao, hatua chache kutoka mpakani, tukaweka mawe matatu juu, basi.

Niseme ukweli, nilimwonea kijicho. Mimi nina vijana wanne watakaogawana kipande kisichomtosha hata mmoja, halafu yeye, mjane asiye na mtoto, analima nusu nzima peke yake! Tukigombana kidogo tu, hata kwa sababu ya kuku, nilimwambia mbele za watu, "Kama hapa pamekubana, kwenu si pale? Vuka." Majirani wanacheka, naye anainamisha kichwa. Nilipenda kumwona akiinamisha kichwa.

Mwaka huu mama yake aliugua, akaenda kumuuguza miezi miwili. Nikaona mlango umefunguka. Nilichimba ile mimea shina kwa shina, nikaibeba na udongo wake ili mizizi isikatike, nikaipanda tena hatua kumi na mbili ndani ya shamba lake. Yale mawe matatu nikayachukua kuwa mafiga. Ng'ombe wa kulima wakapita juu, nikapanda mahindi. Nekesa aliporudi, mahindi yalikuwa yamenifika magotini.

Alizunguka ndani ya mahindi siku nzima akitafuta mawe. Nilikuwa jikoni nikimwona kupitia mlangoni, na sufuria yangu ya ugali iko juu ya mawe hayo hayo.

Akawaita wazee wa ukoo. Akawatembeza shambani, "Ni hapa. Hapana, ni pale." Wakaanza kuguna. Mzee mmoja aling'oa shina la mpaka akaligeuza, maana mpaka wa jana hujulikana kwa mizizi midogo. Mizizi ilikuwa minene.

"Angalia, hii ni ya zamani sana," akasema. "Wewe mama unasema uongo. Bwana yako alikufa, mtoto alikufa, sasa unataka kula shamba ya watu?"

Wakaniuliza mimi. Nikasema mpaka haujawahi kusogea hata unyayo. Wakamtoza mbuzi kwa kusingizia watu, wakampa mpaka mavuno awe amerudi kwao. Mume wangu aliposikia alicheka, akaniambia, "Kumbe mimi nilioa mwanaume!" Kisha akakunja uso. "Lakini siku utafungua hiyo mdomo, wewe pia unakwenda kwenu."

Jumatano iliyopita Nekesa alikuja kwangu ameshika kanga. Nilidhani amekuja kunilaani. Alipiga magoti.

"Dada, shamba chukueni lote. Mimi naenda. Lakini siwezi kumwacha mtoto huku peke yake. Mama amesema nilete hata udongo wa juu yake tuuzike kule nyumbani, tumwombee. Wewe ulikuwepo. Nionyeshe tu mahali."

Mahali napajua. Ni mstari wa sita wa mahindi, upande wangu. Lakini nikimwonyesha pale nimekiri, kwa sababu kaburi la mtoto wake likiwa kwangu, basi mpaka umehama. Nikamshika mkono, nikamvusha upande wake, nikasimama katikati ya muhogo wake, nikasema, "Ni hapa."

Alilala kifudifudi. Alimwita mtoto kwa jina, akamwomba msamaha kwa kuchelewa kumpata. Akachota konzi tatu za udongo, akafunga kwenye kanga mafundo mawili. Halafu akanikumbatia. Mimi! "Mungu akubariki, dada. Wote wamenikana, wewe peke yako umebaki ndugu." Akapanda boda akaelekea mpakani.

Shamba silijutii, nisiwadanganye. Wanangu watalima. Ila shukrani ile nashindwa kuibeba. Nimewahi kumwambia maneno mabaya yule mwanamke akanyamaza, nikalala vizuri. Sasa amenishukuru na silali.

Jana amenipigia simu. Mazishi ni Jumamosi, mchungaji amekubali, ndugu zake wote watakuwepo. Ananiomba nivuke niwe wa kwanza kutupa udongo kaburini, kwa sababu mimi ndiye niliyemwosha mwanawe. Mume wangu anasema lazima niende, nisipoonekana watu watashuku.

Ndugu zangu, nishaurini kabla ya Jumamosi. Niende nikasimame na Nekesa tuzike udongo wa muhogo, au nimwambie mtoto yuko wapi, nifukuzwe pamoja na wanangu wanne? Mahindi ya mstari wa sita yamekomaa, na wanangu wameshaanza kuyachoma.