Jinsi Nilivyouboresha Mwethya kwa Nyimbo za Kanisa

Nilirudi nyumbani nikiwa na afya, imani na saa ya mkononi, na kati ya hivyo vitatu ni saa iliyomsumbua mke wangu. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa karani wa stoo kule Makindu. Nyumbani nilikuja mwisho wa mwezi kama mgeni: nachinjiwa kuku, naombwa niombee chakula, naondoka Jumapili mchana kabla sijapata nafasi ya kumkosoa mtu. Nilipostaafu, mwishoni mwa miaka ya sabini, nikawa mgeni asiyeondoka. Wiki ya kwanza nilichinjiwa kuku. Wiki ya pili niliulizwa kama sina mtu wa kumtembelea.

Namshukuru Mungu kwa mwanamke yule. Alikuwa amelima, amelea watoto watano na kujenga ghala, na yote hayo bila ratiba. Hilo la kukosa ratiba ndilo lililonitia wasiwasi.

Basi kanisa letu likaandaa semina ya siku tatu kule Salama, kwa ajili ya wazee wa kanisa waliostaafu. Mkufunzi alikuwa kijana wa Nairobi mwenye tai na chaki za rangi. Alitufundisha namna ya kuyapokea mabadiliko ya maisha. Mtu akistaafu, alisema, asikae tu. Ajiboreshe yeye, kisha aiboreshe familia yake, kisha majirani. Hakusema kama familia iulizwe kwanza. Tulipewa kijitabu kilichochapwa kwa stensili, na ndani yake mlikuwa na jedwali: safu ya kwanza unaandika kazi, ya pili unaandika muda unaopotea, ya tatu unaandika dawa. Mzee mmoja aliuliza kama mtu anaweza kujiandika mwenyewe katika safu ya pili. Mkufunzi alicheka, akasema hilo ni swali zuri, akaendelea na somo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa tayari nafikiria korongo letu.

Shamba letu liko kwenye mteremko. Chini yake, upande wa mto, kulikuwa na korongo lililoanza kama njia ya ng'ombe, na kila msimu wa mvua lilipanda hatua kadhaa kuelekea nyumbani. Mwaka ule kichwa chake kilikuwa kimefika hatua tatu kutoka kwenye kipande cha mahindi na mbaazi, kile kilichotulisha. Mvua moja kubwa ya Novemba ingetosha kukila. Dawa ilijulikana na kila mtu: kuchimba fanya juu, yaani mtaro mrefu unaokata mteremko, udongo ukitupwa upande wa juu uwe tuta la kuzuia maji. Wetu ulipaswa kuwa wa hatua mia moja, tena katika ardhi ngumu kama tofali.

Kazi ya namna hiyo kwetu hufanywa na mwethya. Wanawake wa kijiji, kama thelathini hivi, hukusanyika Jumatatu na Alhamisi, wakachimba kwa mmoja wao tangu asubuhi hadi saa sita, na mara ya pili kwa mwingine, mpaka zamu izunguke. Zamu ya mke wangu ilikuwa imefika, mwezi mmoja kabla ya mvua. Ikipita, nyingine ingekuja mwaka uliofuata.

“Siku hiyo nitakusaidia,” nikamwambia.

“Asante. Utachota maji.”

“Mimi nimetoka semina.”

“Basi utachota maji ukiwa umetoka semina.”

Nilichukua jedwali nikaandika: mwethya. Katika safu ya muda unaopotea nikaandika nyimbo. Nilikuwa nimewasikia wanawake hawa wakichimba kwa jirani. Walikuwa na wimbo wa mwanamume anayelala mchana, na mwingine wa mume aliyeenda Mombasa akasahau njia ya kurudi, na wa tatu ambao mzee wa kanisa hawezi kuuandika. Dawa ilikuwa wazi. Waimbe nyimbo za kitabu, mikono ifanye kazi na roho ijengwe kwa wakati mmoja. Niliona hata mkufunzi angenipongeza.

Walifika na majembe, sururu na viondo. Mwenyekiti wao alikuwa mama mjane, mrefu, aliyekaa safu ya pili kanisani na hakuwahi kusinzia kwenye mahubiri, jambo ambalo siku zote liliniogopesha kidogo. Niliwakaribisha. Nikasoma fungu. Nikaomba, na katika kuomba nikazitaja familia zote zilizokuwepo, maana niliona si vizuri kumwacha mtu.

“Mzee, umemaliza?” mwenyekiti akauliza.

“Limebaki jambo moja. Leo tutaimba nyimbo za kanisa.”

“Zote?”

“Zote ni nzuri.”

“Sikuuliza kama ni nzuri. Nimeuliza kama ni zote.”

Sasa, msomaji ambaye hajashika jembe pamoja na wengine aelewe jambo hili. Katika wimbo wa mwethya mmoja hutupa mstari, wengine huitikia, na jembe hushuka kila mara wanapoitikia, haraka haraka. Wimbo wa kitabu, kwa jinsi kanisa letu lilivyouimba siku zile, ulikuwa na mstari mrefu unaovutwa, kisha kimya cha kuwangoja wazee wavute pumzi. Wanawake wale walinitii kikamilifu. Walipoanza mstari, majembe yote yalipanda. Yakakaa juu, yakingoja mstari umalizike. Mstari ukaisha, yakashuka pamoja. Ilipendeza sana, kama ibada ya Pasaka. Ubeti mmoja ulikuwa na mistari minne, nasi tukapata majembe manne.

Kisha wakafika kwenye kiitikio, wakaweka majembe chini na kuanza kupiga makofi.

“Mbona mmeacha?” nikauliza.

“Kwenye kiitikio tunapiga makofi, mzee,” mmoja akanijibu kwa heshima kubwa. “Wewe ndiye uliyetufundisha kanisani.”

Ilikuwa kweli. Nikasema labda tuongeze kasi kidogo.

“Tumkimbize Bwana?” akauliza mwingine, na nyuma yake watu kadhaa wakakohoa.

Nilisimama pale na saa yangu. Wimbo mmoja ulichukua dakika kumi na mbili. Walichagua wenye beti nyingi. Mke wangu alikuwa mwisho wa mstari akichimba peke yake bila kuimba, na udongo wake uliruka mara tatu kila ule wa wenzake uliporuka mara moja. Hakuniangalia.

Saa sita wakanyoosha migongo, wakafuta majembe, wakala isyo, ile ya mahindi na maharagwe aliyoipika mke wangu tangu jana yake. Mtaro ulikuwa na hatua thelathini. Nilimwuliza mwenyekiti kama wangeweza kuongeza saa moja.

“Sheria ni saa sita,” akasema. “Nawe mzee unapenda saa.”

Walipoondoka, mke wangu alikwenda akasimama mahali mtaro ulipoishia, pale ambapo ardhi ilianza kuwa nyasi tu. Nikamfuata. Nikamwambia Mungu atatoa.

“Ameshatoa,” akasema. “Asubuhi alitoa wanawake thelathini. Mimi nimewachimbia wote tangu mwaka jana, mmoja mmoja, na wengine nilikwenda na homa. Wewe ukawashikisha majembe hewani.”

Nimesikia mahubiri mengi maishani, mengine yangu mwenyewe. Hakuna lililonikaa kama lile.

Kwa siku tatu nilichimba peke yangu nipate kurekebisha kosa. Nilichimba hatua tano, na mikono ikatoka malengelenge, maana miaka ishirini na miwili ya kuandika hati za stoo haimwandai mtu kwa sururu. Siku ya nne nilikwenda kwa mwenyekiti. Alikuwa uani akipepeta ndengu, na hakuacha kupepeta.

“Nimekuja kuomba zamu nyingine,” nikasema.

“Kundi halina zamu za kuombwa. Lina zamu za wanachama. Mama watoto ametumia yake.”

“Na mimi?”

“Wewe si mwanachama.”

“Ni kundi la wanawake, mwaitu.” Nilimwita hivyo, mama yetu, ingawa nilimzidi umri.

“Hatujawahi kuandika hivyo mahali popote. Ni kwamba hakuna mwanamume aliyewahi kuomba kuingia.” Akapuliza makapi, nami nikarudi nyuma hatua moja. “Mgeni huchimba kwa watu wanne kwanza. Halafu tunakuja kwake.”

Nikahesabu. Mara mbili kwa wiki, wiki mbili. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika mchana na kutawanyika jioni. Nikakubali.

Jumatatu nilifika saa mbili kamili, nikiwa nimejiandaa kusifiwa. Kumbe wao huanza jua linapotokea juu ya kilima, na jua lilikuwa limetokea zamani. Adhabu ya kuchelewa ilikuwa kuwachotea maji wote. Nikatoka mtoni na mtungi begani, jambo ambalo mwanamume wa rika langu alilifanya kwa punda tu, na nilipokaribia nikasikia wimbo mpya. Ulimhusu karani aliyerudi na saa. Jua, walisema, lilimwangalia likamwonea huruma, kwa sababu saa anayo moja tu, nayo haijui mvua.

Wimbo ulikuwa mzuri, lazima nikiri. Niliweka mtungi chini nikashika jembe, na nilikuwa nimechimba hatua moja nzima kabla sijagundua kwamba ninaitikia.

Shamba la pili nilifika kabla ya jua. La tatu mama mmoja akanionyesha namna ya kushika beleshi nisiumie kiuno, na akaniambia mimi si mbaya kwa mtu aliyekuja kuwa mzigo. Mjini nilikuwa nimepewa cheti cha utumishi mwema, nacho hakikunifurahisha vile.

Alhamisi ya wiki ya pili, baada ya mashamba manne, mwenyekiti aliniambia wangekuja kwangu Jumatatu. Walikuja. Sikusimama na saa. Nilikuwa ndani ya mtaro.

“Mzee, leo tuimbe nini?” mwenyekiti akaniuliza.

“Mnachotaka.”

“Na sala?”

“Fupi.”

Iliniuma kidogo kuona jinsi walivyofurahi. Walichimba hatua hamsini na tano kabla ya saa sita, na saa sita waliondoka, kwa sababu sheria ni sheria na mimi nilikuwa mwanachama. Hatua kumi zilizobaki zilikuwa zetu wawili. Tulizichimba asubuhi na jioni, mke wangu na mimi, tukafika sita. Jumamosi alasiri mvua ikatukuta. Haikuanza kwa manyunyu. Ilikuja yote kwa pamoja.

Jumapili kulipokucha tulishuka kuangalia. Mtaro ulikuwa umejaa maji ya rangi ya chai, yametulia. Tuta lilikuwa limesimama. Lakini pale mwisho, kwenye zile hatua nne tulizokuwa hatujachimba, maji yalikuwa yamepita, yakabeba kona ya shamba pamoja na mbegu tulizopanda kabla ya mvua. Kichwa cha korongo kilikuwa kimesogea upande ule, urefu wa mtu akilala.

“Kile kipande kilichochimbwa kwa wimbo wa kanisa ndicho kilichonyooka kuliko vyote,” mke wangu akasema. Akaangalia mbele zaidi. “Ila tu ni kifupi.”

Akavua ndara, akaingia ndani ya mtaro, maji yakamfika katikati ya muundi. Nikavua kofia nikaanza kumshukuru Mungu kwa shamba lililobaki, na nilikuwa na mengi ya kusema. Akasema amina baada ya sentensi ya pili, akanipa beleshi. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yanajikusanya tena.

“Leo ni Jumapili,” nikasema. Mimi ndiye niliyekuwa nimefundisha, kwa miaka, kwamba siku hiyo mtu asiguse jembe.

“Korongo halijui,” akasema.

Tukachimba. Kengele ya kwanza ya kanisa ikalia, ya pili ikalia, na bado tulikuwa na hatua mbili.